Kuchapa kwa kusikiliza: Mtwara kazi ipo, ila si ile inayotangazwa

Wanaosoma uhazili (kazi ya ukatibu) Mtwara wana swali la haki kabisa: kuna faida gani kujifunza kuchapa kwa kusikiliza, yaani kuvaa vipokea sauti na kuandika rekodi neno kwa neno, wakati simu siku hizi inageuza sauti kuwa maandishi yenyewe?

Wanaosema hakuna faida wana hoja nzito. Matangazo ya serikali ya nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi, yaani katibu muhtasi, hudai hatimkato (mwandiko wa haraka wa alama) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Mwanafunzi wa Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Mtwara, akizembea hatimkato kwa ajili ya vipokea sauti, ajira hiyo ameikosa. Mahakama ya Tanzania nayo imeanza kutumia akili mnemba kunukuu mashauri. Tena kazi inachosha: rekodi ya saa moja humchukua mzoefu kama saa nne. Ndiyo maana zile ahadi za kulipwa dola kwa kuchapa rekodi mtandaoni nazionea mashaka, kwani wengi hulipa kwa dakika za rekodi, si kwa saa ulizokaa kitini.

Pamoja na hayo, nasema wajifunze. Chukua mkutano mkuu wa chama cha msingi cha korosho Tandahimba, uliorekodiwa kwa simu iliyolazwa mezani. Feni inavuma, wajumbe wanadakiana, mzee mmoja anaingia Kimakonde katikati ya sentensi. Mwenyekiti kasema "tumekubaliana" au "hatujakubaliana"? Silabi zikimezwa, uamuzi wa wakulima umegeuka. Aliyetajwa ni mjumbe wa Nanyamba au wa Nanyumbu? Ni halmashauri mbili tofauti, na mashine haina cha kuamulia ni ipi. Mchapaji aliyekulia huku anajua, na asipojua anarudisha sekunde tano na kusikiliza upya. Ikishindikana kabisa anaandika "haisikiki" na dakika yake, habahatishi. Uaminifu huo ndio ufundi wenyewe. Kasi ya vidole inafuata. Na vifaa si gharama kubwa: programu ya VLC ni ya bure na inapunguza mwendo wa sauti, kanyagio la mguu la kusimamisha na kurudisha rekodi linaweza kusubiri.

Ni kweli ofisi nyingi zinataka muhtasari, si kila neno. Lakini kikao cha nidhamu kinataka kila neno. Mtafiti aliyehoji wavuvi wa Kilwa au wakulima wa Ruangwa anataka kila neno, na mara nyingi tafsiri juu yake. Kazi hizo zinamfaa mtu wa Kusini kuliko mgeni yeyote mwenye kasi.

Jambo moja linanitia hofu kuliko mashine: wepesi wa kupakia rekodi ya mtumishi anayetuhumiwa kwenye tovuti ya bure ili "ichape haraka". Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na katibu muhtasi ni mtunza siri kabla ya kuwa mchapaji. Mashine itumike pale ofisi iliporuhusu, kisha binadamu apitie rasimu huku sauti ikiwa masikioni. Asiyewahi kuchapa kwa kusikiliza hataliona kosa lililoandikwa kwa sarufi safi.

Kwa hiyo hatimkato kwanza, hii iwe ya pili. Na walimu wasiwape wanafunzi imla safi ya studio peke yake. Wawape kikao halisi cha Newala, kwa ridhaa ya wenyewe, pamoja na kelele zake zote.