Theluji ya pamba na mvua yetu ya bure

Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Kufikia saa moja asubuhi Mto Mirongo ulikuwa umeshatapika, daladala hazionekani, na sisi wa mlimani tunajua siku kama hiyo mtoto hatoki. Wanangu wawili wakabaki nyumbani. Saa mbili simu ikalia, kundi la wazazi. Nikadhani wanaulizia waliofika na wasiofika. Wapi! Faili: mambo ya kufanya na mtoto nyumbani siku ya theluji.

Mtu kalipakua huko alikolipakua, akatutupia kama lilivyo. Tengeneza mtu wa theluji kwa pamba. Mpe pua ya karoti. Mvishe skafu. Kunyweni chokoleti ya moto mkitazama theluji dirishani. Nikatazama dirishani. Maji ya mlima yalikuwa yanapita na ndala ya mtu, ya mguu wa kushoto.

Skafu. Mwanza!

Wenye theluji yao sina ugomvi nao. Kwao ikizidi shule zinafungwa, mzazi anatafuta la kumshughulisha mtoto, ni akili. Ila sisi tuna mvua inayofanya kazi ileile, tena inapiga bati mpaka hamsikilizani, halafu tunatafuta pamba. Pamba yenyewe Wasukuma tumeilima miaka na miaka, leo ndiyo igeuzwe theluji?

Nikachukua kopo la maziwa ya unga, lile lenye upana mmoja juu hadi chini, nikamwambia wa darasa la nne akaliweke uani mbali na mchirizi wa bati. Akakataa.

"Mama, hilo dogo litapata mvua kidogo. Tuweke sufuria ya wali."

"Haya, weka vyote viwili."

Mdogo wake naye, kwa wivu, akaongeza ndoo. Mvua ilipokatika wakatoka na rula ya shule. Kopo: milimita 23. Sufuria: milimita 23. Mkubwa akapima tena. Akanitazama kama vile nimemroga. Akapima mara ya tatu, rula imesimama hadi chini, ulimi nje. Zilezile 23. Mdomo mpana umekusanya maji mengi, lakini na kitako kipana kimeyatandaza, kina kikabaki kilekile. Ndoo ndiyo ilileta fujo, ikasoma zaidi, na mdogo akashangilia ameshinda. Ilimchukua kaka yake robo saa kugundua kwamba ndoo ni pana juu, nyembamba chini. Sikumsaidia. Nilikuwa namenya viazi na moyo unanidunda kwa furaha, sikufichi.

Kisha tukahamia kwenye bati. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja, basi, hesabu nzima iko hapo. Nyumba yetu, ukipima chini panapofunikwa na paa, ni mita 8 kwa 6, yaani 48. Zidisha kwa 23. Lita 1,104. Mtoto akagawanya kwa dumu la lita 20: madumu 55 na chenji. Akanyamaza. Huyu ndiye anayetumwa dumu bomba likikauka, anajua uzito wake kwa mabega. "Kwa hiyo mama, yote yameenda ziwani?" Yote, mwanangu, kwa kuwa baba yako anasema gata atafunga mwakani. Nikamwambia na Ziwa lenyewe maji yake mengi, kama asilimia 80, ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Hilo halikumgusa. Madumu ndiyo yalimgusa.

Radi pia tulihesabu, tukiwa ndani: umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Maji ya tope tukayaacha kwenye chupa, mchanga ukakaa chini kwanza.

Sawa, nikubali kitu kimoja. Mdogo alililia theluji, kaiona kwenye picha za Kilimanjaro. Nikaenda kwa jirani mwenye friza, nikakwangua ule mgando mweupe wa pembeni, nikamletea kwenye kikombe. Ni kitu cha karibu kabisa na theluji tulichonacho mtaani. Akakishika, kikamchoma, kikayeyuka, akacheka. Akalamba.

"Mama, theluji inanuka sangara."

Kwenye kundi nilituma picha ya kopo na rula. Mzazi mmoja akajibu, "Hongera, na mtu wa theluji yuko wapi?" Sikujibu, nina watoto wa kulea.

Kopo bado liko uani, juu ya tofali. Kuna daftari sasa, tarehe na milimita, mwandiko wa mkubwa. Jumatatu 4. Jumanne 0. Jumatano usiku ilinyesha kweli, na asubuhi akatoka na rula kabla hata hajanisalimia. Nimelifungua daftari sasa hivi. Jumatano ameandika: "Kuku amekunywa."