Madirisha Meusi ya Mousehole

Dalali mmoja anauza nyumba Mousehole, kijiji cha bandari kule Cornwall, Uingereza, na sifa ya kwanza aliyoiweka kwenye tangazo ni kwamba majira ya baridi kijiji kinakuwa kimya kabisa. Nimelisoma damu ikinichemka. Ukimya huo umeletwa na nyumba kama hiyo anayoiuza, zinazonunuliwa kwa ajili ya likizo kisha zikafungwa.

Pita vichochoro vile Desemba, saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Mlango huu una kisanduku cha ufunguo chenye namba, cha wageni wa likizo, na ule, na unaofuata, madirisha yote meusi. Wenyewe wako London, watarudi kiangazi. Chini bandarini taa za Krismasi zinawaka juu ya maji, kama zilivyowaka tangu 1963, na wanaozitundika ni wanakijiji wa kujitolea, hao hao waliobaki.

Ninayefanya kazi ya kutunza wazee huku, naujua ukimya huo kutoka ndani. Bibi ninayemhudumia anaweza kukutajia nani alikaa nyumba ipi. Akianguka usiku leo, wa kusikia hayupo.

Halafu kuna tarehe 19 Desemba. Usiku huo mwaka 1981 meli mpya, Union Star, ilizimikiwa injini kwenye dhoruba, nahodha akiwa na mkewe na mabinti wawili wa kambo. Wanaume wanane wa Mousehole, wote wa kujitolea, wakaingia kwenye boti ya uokoaji, Solomon Browne. Nahodha wao, Trevelyan Richards, alikataa kuchukua wawili wa familia moja. Charlie Greenhaugh, mwenye baa ya Ship Inn, alikuwa ameziwasha taa za Krismasi siku mbili tu kabla, naye akaenda. Waliripoti kwa redio kwamba wameshawatoa wanne melini, kisha hawakusikika tena. Wakafa watu 16, wote wa vyombo vyote viwili. Kila mwaka usiku huo taa za bandari hupunguzwa kwa saa nzima kwa ajili yao.

Na ndani ya siku moja tu wanakijiji wa kutosha walijitokeza kuunda kikosi kipya!

Leo wangetoka wapi? Boti sasa iko Newlyn, jirani tu, lakini bado inahitaji watu wanaolala karibu na maji, wanaoweza kuamka na kukimbia. Vijana wavuvi, wauguzi, mafundi, wote wanasukumwa mbali na bahari kwa sababu hawamudu kodi ya pango. Aliye London hawezi kumwokoa mtu anayezama hapa.

Wageni wanaleta fedha, hilo nalikubali, na baa nyingi zingefungwa bila wao. St Ives walipiga kura mwaka 2016 nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu tu. Za zamani hazikuguswa. Tangu Aprili 2025 Cornwall inatoza nyumba za pili, zisizo makazi ya kudumu ya mtu, kodi ya halmashauri maradufu. Ni vyema, ila anayemudu nyumba ya pili baharini atalipa na kuendelea kuifunga.

Ndugu zangu wa Lamu, mnaoona Shela inavyonunuliwa na wageni, fikirini kabla ya kuuza nyumba ya marehemu babu.

Na halmashauri ya Cornwall, fedha za kodi hiyo zijenge nyumba za kupanga mwaka mzima, pale pale vijijini penye bandari, na wapewe kwanza wanaofanya kazi huko Januari.