"Tamma" katika Kiarabu cha magazeti: kosa au dawa?

Katika habari za Kiarabu cha leo hukosi kukutana na "tamma tawqi'u l-ittifaq", yaani kulitimia kutiwa saini kwa mkataba. Nahau, yaani sarufi, ya Ajurrumiyya, kitabu cha wanaoanza kinachosomeshwa hata madrasa za pwani yetu, inatosheka na kitenzi kimoja: "wuqqi'a l-ittifaq", mkataba ulitiwa saini. Watetezi wa Kiarabu fasaha husema huu ni uvivu ulioingia kwa tafsiri za Kiingereza na Kifaransa.

Wana haki, ila si yote. Gazeti huchapwa bila irabu, zile alama za vokali fupi. Herufi tatu hizi, وقع, zinasomeka waqa'a (kilianguka, kilitokea), waqqa'a (alitia saini) au wuqqi'a (kilitiwa saini). Msomaji hulazimika kufika mbele ndipo arudi nyuma kurekebisha. "Tamma" humwondolea shaka mapema, na hapo mwandishi wa habari hana kosa.

Tatizo ni kwamba dawa sasa wanapewa hata wazima. Aqama (أقام, aliandaa) katika kauli ya kutendwa huwa uqima (أقيم): alifu imegeuka yaa, jicho linaona bila irabu. Qabala (قابل, alikutana na) huwa qubila (قوبل), na wau iko wazi. Kuandika "tammat iqamatu l-hafla" (kulitimia kuandaliwa kwa hafla) badala ya "uqimati l-hafla" (hafla iliandaliwa) ni kuongeza neno lisilo na kazi.

Kwenye kukanusha ndiko kubaya zaidi. Tamma asili yake ni kukamilika. Timamu na tamati zetu ni za shina hilo hilo. Basi "lam yatimma tawqi'u l-ittifaq" ina maana gani: mkataba haukutiwa saini kabisa, au shughuli ilianza ikaishia njiani? Katika hati ya kisheria utata huo ni hatari.

Kuna na "min qibali l-wazir", kwa upande wa waziri, inayobandikwa mwishoni kumtaja mtenda. Hii naiona dhaifu zaidi. Kauli ya kutendwa ya Kiarabu hutumika mtenda anapoachwa, ndiyo maana nomino inayoshika nafasi yake huitwa naibu wake, na'ibu l-fa'il. Mswahili hunaswa upesi hapa, kwa kuwa "umetiwa saini na waziri" kwetu ni kawaida kabisa.

Wanaoitetea hujibu kwamba pengine aya nzima inahusu mkataba, hivyo mkataba lazima utangulie. Hoja nzuri, lakini nahau ya kale ina njia yake: "al-ittifaqu waqqa'ahu l-wazir", mkataba, waziri aliutia saini. Mkataba umetangulia, mtenda ametajwa, na kile kiambishi -hu (وقعه) kinaonyesha hata bila irabu kwamba waziri ndiye aliyetia saini.