Msusi Anapohamia Saluni ya Jirani

Wamiliki wa saluni jijini Nakuru hulalamika kwamba wasusi wa siku hizi hawakai: unamfundisha binti kusuka rasta na kutengeneza kucha, naye akishaiva anaondoka na namba za wateja wako. Lalamiko hilo si la uongo. Anayelipa kodi ya chumba katikati ya jiji na kununua mashine za kukausha nywele, kisha Januari ikafika na wateja wakapungua kwa sababu ya karo, ana haki ya kuumia. Tena wapo wanaoondoka kwa heri, wamejiwekea akiba ya kufungua kibanda chao katika mitaa ya Free Area au Section 58, na hao hata uongozi bora usingewazuia.

Lakini tutazame wanakokwenda wale wengine. Msusi akihamia mlango wa pili kwa kamisheni ileile, fedha haiwezi kuwa sababu pekee. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1959 kwamba usimamizi mbaya huzaa kinyongo hata pale kazi yenyewe inapompendeza mtu, na wasusi wengi niliozungumza nao wanaipenda kazi yao. Kinachowachosha ni kukaripiwa mbele ya mteja, hesabu ya kamisheni anayoijua mwenye saluni peke yake, na kukatwa pesa kwa kila chupa iliyomwagika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu makato ya kiasi kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kukusudia, si kwa bahati mbaya. Ila msusi asiye na mkataba wa maandishi (ambao sheria hiyohiyo inautaka kwa ajira ya miezi 3 au zaidi) ataanzia wapi kudai?

Mwenye saluni atasema kwamba anayechelewa lazima aonywe. Naam, aonywe, lakini faraghani, kwa sababu mteja wa nywele hufuata mkono wa msusi, hafuati bango la mlangoni.

Kuhusu hesabu, ningependa daftari moja linalotiwa saini na wote wawili kila jioni. Baadhi ya wamiliki wanahofu kwamba wasusi wakiyaona mapato watadai zaidi. Huenda wakadai kweli. Lakini dai lililotamkwa linaweza kujibiwa, ilhali msusi aliyeondoka kimya Jumamosi ya Desemba, wateja wakiwa wameketi wakisubiri, hajamwachia mtu nafasi ya kujibu.