Ini hujiotesha upya, ila si kwa kila jeraha

Katika vilabu vya mbege vya Kibosho na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mnywaji aliyeonywa kuhusu afya yake hujibu kwamba ini hujiotesha lenyewe. Ndugu waliowahi kumuuguza mgonjwa mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji huamini kinyume chake, kwamba ini likishaharibika limekwisha.

Mnywaji ana ushahidi wa tangu 1931, watafiti Higgins na Anderson walipokata theluthi mbili za ini la panya, na uzito wa ini hilo ukarudi katika muda wa siku chache. (Vipande vilivyokatwa havikuota tena, vilivyobaki ndivyo vilivyokua.) Seli za ini, ambazo kwa kawaida hutulia bila kugawanyika, huamshwa na jirani zake: seli za Kupffer, walinzi wa ini, hutoa ishara za kwanza, na seli zenye umbo la nyota hutoa kichocheo cha ukuaji.

Lakini panya yule alijeruhiwa mara moja tu, na kipande kilichobaki kilikuwa kizima. Pombe ya kila siku, au virusi vya homa ya ini aina ya B, hujeruhi bila kupumzika, na hapo seli zile zile za nyota zilizosaidia uponyaji hugeuka kuwa watengenezaji wa kolajeni, protini ya nyuzi inayojenga makovu. Makovu hubana njia za damu, tumbo huanza kujaa maji, na seli za ini zilizolazimika kugawanyika miaka nenda rudi huchoka, au nyingine huishia kuwa saratani.

Hata hivyo, naona kosa la ndugu ndilo la kusahihishwa upesi zaidi, kwa kuwa mgonjwa aliyeambiwa kwamba amekwisha huacha dawa. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuatilia wagonjwa wa homa ya ini aina ya B waliotumia tenofovir, dawa ya kuzima virusi, kwa miaka mitano: kati ya 96 waliokuwa na sirosisi (makovu yaliyoenea ini zima) mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Virusi vilipozimwa, seli za nyota zilipoa na kolajeni ikaanza kumeng'enywa. Kovu changa huyeyuka kwa urahisi kuliko kovu kuukuu, ambalo nyuzi zake zimekwisha kufungana, na anayefika hospitali tumbo likiwa tayari limejaa maji huwa na nafasi ndogo zaidi ya kurudi alikotoka.