Mkono wa Kulia wa Mpiga Gitaa Usiachwe Uumie

Hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, kijana anayejifunza gitaa akisema mkono unamuuma hupewa jibu moja: vumilia, ndivyo gitaa linavyoingia. Mimi nafundisha vijana wa kwaya, na jibu hilo nimelisikia kwa walimu ninaowaheshimu sana kwa ufundi wao. Silikubali. Linawaharibia watoto mikono, na wengine wanaliacha gitaa moja kwa moja wakidhani hawakuzaliwa nalo.

Yapo maumivu ya kuvumilia, nayo ni ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Uzi wa chuma unakata ngozi laini, ngozi inaota sugu, na baada ya wiki chache za kupiga kila siku kijana anasahau kwamba viliwahi kuuma. Hapo mwambie avumilie, utakuwa sahihi. Lakini kifundo cha mkono wa kulia kikivuta, shina la kidole gumba likichoma, au vidole vikifa ganzi usiku hata mtu akaamka kuvikung'uta, hapo hakuna kinachokomaa. Kuna kitu kinaumia, na kila siku anayoongeza mazoezi kinazidi kuumia.

Ni vizuri mpigaji ajue mkono wake unavyofanya kazi. Misuli mikubwa inayokunja na kukunjua vidole iko juu, kati ya kiwiko na kifundo. Vidole vinavutwa na kano ndefu, na zile za kukunja zinapita kwenye njia nyembamba pale kifundoni, pamoja na neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ukipiga huku kifundo kimekunjwa na vidole vimebana, kano zinasuguka na kuvimba, na neva inakosa nafasi. Ganzi inatokea hapo. Sasa piga hesabu ya sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanachanganya na watu wanacheza. Mpiga solo, yule wa gitaa linaloongoza, akitia noti nne katika kila pigo, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, anachapa uzi mara 480 kila dakika. Sebene la dakika kumi ni mara 4,800, na kwenye harusi masebene ni mengi. Kosa dogo la mkono likirudiwa mara zote hizo linakuwa ugonjwa.

Kwa nini vijana wanabana hivyo? Watu wengi watakwambia ni woga au ugeni. Mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba hawasikii wanachopiga. Angalia kwaya zetu zinavyopangwa: spika zote zinatazama waumini, ngoma ziko mgongoni, kinanda kimeachiwa sauti yote, na amplifaya ya gitaa imewekwa chini ikipigia miguu ya kijana. Anachapa, hasikii kitu. Anaongeza nguvu. Mpiga ngoma naye akisikia gitaa limepanda anaongeza yake. Ibada ikifika katikati kijana anapiga kwa bega zima, meno yameumana, na piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kuchapia uzi, ameikaba mpaka ukucha wa gumba umekuwa mweupe. Kijana huyo huyo, ukimkuta nyumbani jioni peke yake, anapiga kwa ulaini kabisa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko kwenye vyombo. Inua amplifaya uiweke juu ya kiti, igeuze imtazame mpigaji sikioni, halafu punguza ngoma. Hilo halihitaji hela. Kamati za kwaya ambazo kila mwaka zinachangisha sare mpya zingeweza pia kutenga fungu la spika moja ya kumrudishia mpiga solo sauti yake. Nimeliomba hili kwa viongozi wengi na nitaendelea kuliomba.

Dawa ya pili ndiyo mkono wenyewe. Piki ilale kati ya tumbo la kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, ncha kidogo tu ikijitokeza. Ishike kama unavyoshika dagaa mkavu ambaye hutaki avunjike. Kipimo ninachotumia darasani ni rahisi: kijana akiwa anapiga, naivuta piki kwa vidole viwili. Ikitoka bila ubishi, mkono uko sawa. Isipotoka, tunasimama, tunatikisa mikono, tunaanza upya polepole. Halafu iinamishe kidogo ili makali yake yateleze juu ya uzi; ukiigonga bapa inakwama, na kila inapokwama kifundo kinalipa. Mwendo uwe mdogo, wa kwenda na kurudi, chini na juu. Wanaopiga chini tu, kila noti mkono unasafiri mara mbili, na kasi ya sebene ikija wanaanza kutumia kiwiko. Kidole kidogo kinaweza kugusa mwili wa gitaa kikusaidie kujua mahali ulipo, ila kisigandamize.

Kuhusu unene wa piki nina msimamo wangu, na najua wapo watakaobisha. Vijana wanapenda zile nyembamba sana, au wanakata kipande cha plastiki laini, wakiamini ulaini unalinda mkono. Inayopinda ovyo inameza pigo, sauti haitoki, na mtu anarudi palepale kwenye nguvu. Mpe piki ya milimita 0.8 au 1 aishike kwa ulegevu, utaona tofauti.

Nyuzi nazo zina habari yake. Seti ya 0.012, yaani ile ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.012, kwenye gitaa kavu lisilo la umeme, ikiwa imefungwa sauti ya kawaida, inavuta kwa zaidi ya kilo 70. Seti ya 0.010 inavuta karibu kilo 60. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili tofauti hiyo ni kubwa mno, na bado hujahesabu gitaa ambalo nyuzi zimesimama mbali na shingo kwa sababu mbao imevimba wakati wa masika. Kama nyuzi nyepesi hazipatikani dukani, na mara nyingi hazipatikani, shusha zote nusu toni. Mvutano unapungua kwa takriban asilimia 11 bila kutumia shilingi. Na mkanda uufupishe! Gitaa linaloning'inia mapajani linapendeza kwenye video, lakini linaikunja mikono yote miwili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulaini huu ni mali yetu ya siku nyingi. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na gitaa lake moja kavu likasikika kama mawili. Franco naye, kiongozi wa OK Jazz ya Kinshasa, pamoja na ukubwa wote wa bendi yake, alijulikana kwa vidole hivyohivyo viwili. Muziki wa Kongo umevuka ziwa ukatulea, na mkoa huu ukamtoa mwanamuziki Shem Karenga aliyeng'ara na bendi ya Tabora Jazz. Mbwembwe za kuchapa gitaa kana kwamba mtu anagombana nalo zimekuja juzijuzi. Kijana ninayemfundisha hukaa muda mrefu kwenye gumba na shahada kabla sijampa piki, kwa kuwa vidole vitupu vikitumia nguvu kupita kiasi vinamwambia mwenyewe papo hapo.

Tusisahau pia mikono hii inatoka wapi. Huyu amekesha akivuta nyavu za dagaa, yule ameshinda kwenye bodaboda kifundo kimekunjwa kwenye kishikio cha mafuta, mwingine ametoka shambani na jembe. Jioni wote wanakuja mazoezini, na kano ni zilezile. Mwalimu aulize mtu ameshindaje kabla ya kumpangia zoezi la saa mbili. Mikono iliyochoka ipewe kipande kifupi, na kila nusu saa gitaa liwekwe chini kwa dakika tano, hata kama wimbo umekolea.

Kuchua kwa mafuta ya mawese kunapoza na sikukatazi. Ila maumivu yakidumu zaidi ya wiki mbili ilhali mtu amepumzika, au ganzi ikimwamsha usiku, au kidole kikianza kujikunja chenyewe hata bila maumivu, nenda hospitali. Daktari mwambie kila kitu: kwamba unapiga gitaa, kwa mkono gani, saa ngapi kwa wiki, na kazi unayofanya mchana. Usiposema, atatibu kidonda cha mvuvi au cha dereva, na gitaa litaendelea kukiumiza. Uliza pia kama unaweza kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Na ukienda, chukua piki yako umwonyeshe unavyoishika.