Mlango wa Autun na mlango wa babu uliouzwa

Jamaa, mie nipo Lyon mwaka wa tisa sasa na sijawahi kuandika kitu kirefu kuhusu Ufaransa, lakini Jumamosi mwenzangu wa kazini kanichukua na gari lake mpaka Autun, mji mdogo tu huko mkoa wa Burgundy, tukaangalie mlango wa kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro, na tangu nirudi moyo wangu haujatulia.

Usifikirie mbao kama yetu ya Mji Mkongwe kule Zanzibar, hii ni kazi ya mawe, mtindo wa Romaneski, ule wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Juu ya kizingiti, ndani ya lile tao, wamechonga Siku ya Kiama nzima, miaka ya 1130 hivi, Yesu kakaa katikati mkubwa kuliko wote, kushotoni kwake mizani inapima roho na mashetani wanavuta upande wao, chini kabisa watu wadogowadogo wamepanga mstari wanakwenda kuhukumiwa, na mmoja wao mikono miwili mikubwa imemshika kichwa inamnyanyua. Mie Muislamu, habari za mizani nimezisikia tangu chuo cha Kurani, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza pale, nilisimama tu mwili umenisisimka. Halafu kuna mahujaji wawili na mifuko yao begani, mmoja mfuko una kombe la pwani, yaani kenda Santiago kule Hispania, mwengine una msalaba, huyo wa Jerusalem. Fundi kakumbuka mpaka mifuko! Nikamuona bibi yangu aliporudi Makka, kile kimkoba cha shingoni wiki nzima hakukivua.

Chini ya miguu ya Yesu pameandikwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus ndiye aliyefanya kazi hii. Wapo wataalamu wanaosema huenda huyo ni aliyeitoa gharama na siyo mchongaji, lakini jina lipo, limechongwa miaka karibu 900 iliyopita na mpaka leo watu wanalisoma.

Na msidhani hawa wenzetu walikuwa wanajali siku zote, hapana. Mwaka 1766 makasisi wa hapohapo waliona mlango umepitwa na wakati, mbaya, wakaupiga plasta wote, na kichwa cha Yesu kwa vile kilichomoza wakakivunja. Ile plasta ndiyo iliyousitiri wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, watu walipokuwa wanavunja sanamu za makanisa. Mwaka 1837 ikabanduliwa, na kichwa kikaja kutambuliwa makumbusho palepale mjini, mwaka 1948 kikarudishwa juu ya shingo yake. Zaidi ya miaka 180 nje ya mwili na bado kuna mtu alikitafuta! Hapo ndipo nilipotokwa na machozi.

Kwa sababu mlango wa babu yangu umeuzwa. Wa msaji, yungiyungi chini ya mfaa, ule mti wa katikati, mnyororo umezunguka miimo yote, misumari ya shaba, juu aya na mwaka. Wazee wa familia walikubaliana, mnunuzi akaja na lori, sasa pale pana mlango wa chuma wa rangi ya kijani. Siwalaumu kwa njaa, paa lilikuwa linavuja na pesa ilihitajika kweli, ila hakuna hata mmoja aliyeupiga picha na hatujui upo nchi gani.

Kitu kimoja lakini nitawaambia kwa dhati, kule Autun mlango ni wa kutazamwa, watu wanainua simu, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi mlango tunaishi nao, mtu anapiga hodi, wazee wamekaa barazani kahawa mkononi, mtoto anajifunza kusimama kwa kushika kizingiti. Hili Ulaya sijaliona popote na ndilo ninalolikosa kuliko chakula. Ndiyo maana inaniuma tunavyoing'oa wenyewe, mmoja mmoja, milango ambayo bado ina watu.

Jana usiku nikampigia mama nikamuuliza nani aliuchonga ule mlango. Kanyamaza kidogo, akasema babu yako alikuwa akimwita Fundi tu, jina lake hasa sikuwahi kulisikia, muulize bi mkubwa wa nyumba ya pili, ndiye pekee aliyebaki wa umri ule. Nimeshakata tiketi ya Desemba, nikifika nyumba ya kwanza ni yake.